Mgeni nyumbani kwao: kisa cha mtoto aliyeinua miguu

Bibi alikuwa akitoka chumbani, jagi la maji mkononi. Alipofika sebuleni mkono ukamlegea, jagi likaanguka, maji yakatapakaa sakafuni, naye akawahi kushika ukingo wa meza asidondoke. Mjukuu wake wa miaka 10 alikuwa kwenye kochi na simu. Maji yalipomfikia aliinua miguu, akaikunja juu ya kochi, akaendelea na mchezo wake. Baba yake alikuwa mlangoni, akaona kila kitu.

Yaliyofuata yangeweza kutokea katika nyumba nyingi. Baba akafoka: "Wewe mtoto huna roho!" Simu ikachukuliwa. Mtoto akaamriwa aombe radhi, akasema "samahani, Bibi" huku macho yako ukutani. Akaamriwa apige deki. Akalichukua tambara, akaliburuta mara mbili tatu bila kulikamua, maji yakazidi kusambaa kuelekea kwenye zulia. Mama, ambaye muda huo alikuwa akimtazama bibi mkono, akashindwa kuvumilia. "Lete hapa." Akalitwaa tambara, akamaliza mwenyewe chapuchapu, na mtoto akabaki kasimama pembeni, mikono inaning'inia, akisubiri kuruhusiwa aondoke.

Kuna mtu mmoja zaidi ambaye wazazi walimtaja kwa kupitia tu, ikabidi niwarudishe nyuma wanieleze vizuri. Binti yao wa miaka 5 aliposikia kishindo alitoka mbio chumbani na taulo lake la kuogea, anataka kukausha. Akasimamishwa mlangoni: "Wewe baki huko huko, utateleza." Akageuka na taulo lake, akarudi.

Wazazi hawa walinijia na swali moja, na mama ndiye aliyelitoa kwa shida: "Mwalimu, ina maana tumezaa mtoto asiye na huruma?" Wameniruhusu nikisimulie kisa chao. Majina sitaji, na vitu viwili vitatu vya kuwatambulisha nimevigeuza. Nilichokiona mimi ni nyumba iliyomfundisha mtoto, kwa upole na kwa miaka mingi, kwamba taabu za humu ndani zina wenyewe. Katika kisa kizima, tendo lililonishughulisha zaidi halikuwa la kuinua miguu. Lilikuwa lile la "lete hapa".

Hata hivyo, kabla ya kuhukumu malezi, mtu aangalie kwanza kama tatizo ni la malezi. Mtoto wa miaka 10 asiyeguswa na maumivu ya mtu yeyote, mahali popote; anayeumiza wanyama na kufurahia; au aliyebadilika ghafla, usingizi umeharibika, amejitenga hata na marafiki aliokuwa akiwapenda: huyo aonwe na daktari au mtaalamu wa saikolojia ya watoto, na mashauri ya malezi yasubiri. Huyu hakuwa hivyo. Mama alipokwenda kuonana na mwalimu wa darasa, aliambiwa jambo ambalo nyumbani hakuna aliyelijua: mwenzao mmoja alipovunjika mguu, ni mtoto huyu aliyekuwa akimbebea begi kila siku, bila kutumwa na mtu. Basi huruma anayo. Swali ni kwa nini haivuki kizingiti cha nyumbani kwao.

Sentensi mbili za mtoto

Nilizungumza naye tukitembea. Watoto wa umri huo hufunguka zaidi mkiwa mnatembea kuliko wakikalishwa kitini na kukodolewa macho. Sikumuuliza "kwa nini", kwa sababu "kwa nini" ya mtu mzima aliyekasirika mtoto huisikia kama shtaka, na mshtakiwa hutafuta utetezi. Nilimwomba tu anisimulie tangu jagi lilipoanguka. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Nilijua Baba anakuja." Tukasogea mbele kidogo, akaongeza kwa sauti ya chini, kama anayejisemea mwenyewe: "Halafu mimi nikifanya, naharibu."

Baba alipoambiwa maneno hayo alitikisa kichwa. Kwake yalikuwa visingizio. Mimi nayachukulia kuwa ushahidi, tena ushahidi mzuri kuliko wowote tuliokuwa nao.

Chukua hilo la kwanza. Mwaka 2015 Maria Plötner na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto 60 wa miaka 5. Mtu mzima anamwaga kikombe cha maji kana kwamba ni bahati mbaya, anaonyesha kuhangaika, na karatasi za kufutia ziko karibu na mtoto. Watoto waliokuwa peke yao walisaidia kwa wingi. Waliokuwa na wenzao ambao nao wangeweza kusaidia walisaidia kwa uchache. Na hapa ndipo penye uzito: wenzao walipokuwepo lakini wamezibiwa njia, hawawezi kufika, watoto walisaidia karibu sawa na waliokuwa peke yao. Yaani aibu ya kutazamwa haikuwa sababu. Kilichowapunguza kasi ni kuona kwamba yupo mwingine wa kulibeba jambo lile. Sasa mweke mtoto wa namna hiyo katika nyumba ambamo kwa miaka yote yupo mwingine, mwenye mikono mepesi kuliko yake, anayefika kabla yake. Hahitaji kuwa na roho mbaya ili abaki kwenye kochi. Anahitaji kuwa na kumbukumbu tu.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 2021 Julia Leonard na wenzake walionyesha kwamba watoto wa miaka 4 na 5 ambao mtu mzima aliwapokonya fumbo gumu na kulimalizia, walikata tamaa mapema zaidi kwenye kazi ngumu iliyofuata kuliko wale waliopewa maelekezo wakaachiwa wamalize wenyewe. Mtu mzima hakugomba, hakucheka, hakusema neno baya. Alisaidia. Ndiyo maana "lete hapa" ya mama ilinishtua kuliko "huna roho" ya baba. Kelele za baba mtoto alizisikia mara moja moja. Mkono wa mama unaokuja kuchukua tambara, kufunga kamba za viatu, kupanga upya vitabu alivyokwisha vipanga, aliuona kila siku. Na kila ulipokuja ulimwambia jambo lile lile.

Mama alilia kidogo hapo. Nilimwambia, na nalisema hapa pia, kwamba mkono ule ulikuwa wa mapenzi na wa haraka. Mtu mwenye kazi nyingi na saa chache hana anasa ya kumtazama mtoto akikausha sebule kwa nusu saa. Lakini bei yake inalipwa na mtoto.

Orodha

Niliwaomba wazazi waandike kazi zote zinazofanyika nyumbani tangu asubuhi hadi usiku, na mbele ya kila kazi waandike jina la anayeifanya. Ilijaa karatasi. Mama, mama, baba, mama, bibi, mama, mama. Mbele ya jina la mtoto waliandika neno moja: kusoma. Nikauliza nguo zake anakunja nani. Ni bibi, mwenye mkono huo huo unaolegea.

Haya yalianza mtoto alipoingia darasa la kwanza. "Wewe soma tu, mengine tutafanya sisi." Waliyatamka kwa nia njema kabisa, na alama zake zilikuwa nzuri kweli. Ila wahenga walikwisha sema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtoto huyu alikuwa na miaka kadhaa bila jembe, tena kwao. Alikuwa anapokewa, anahudumiwa, anaulizwa kama ameshiba na kama ametosheka. Mgeni mwema akiona maji yamemwagika, anafanya nini? Anainua miguu asiwazibie wenye nyumba.

Alama nzuri nazo zilichangia, kwa njia ambayo wazazi hawakuitarajia. Mtoto alisifiwa kwa jambo moja tu: akili. "Huyu ana akili" ndiyo iliyokuwa salamu yake mbele ya wageni. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio yao kwa watoto wa darasa la tano, umri wa mtoto wetu huyu. Waliosifiwa kwa akili, walipokutana na maswali magumu wakashindwa, walifurahia kidogo na walikuwa na hamu ndogo ya kuendelea kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Ukisifiwa kwa akili, kushindwa kunakuvua nguo. Sasa mtoto anayejulikana kwa akili amesimama katikati ya sebule, familia nzima inamtazama, na hajui kwamba tambara hukamuliwa. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Kwa nini ajaribu kwa bidii, akashindwa kitu ambacho mdogo wake wa miaka 5 alikuwa tayari kukifanya?

Tukifika kwa huyo mdogo wake, hapa ndipo nilipowabana zaidi. Walikuja kwa ajili ya kaka mtu. Mimi nikawa namwazia dada. Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wa miezi 18 tu, ambao hata kuzungumza vizuri hawajui, humwokotea mtu kitu kilichomponyoka na kumfungulia mlango wa kabati akiwa na mzigo mikononi, bila kuombwa na bila zawadi. Hamu ya kusaidia huja yenyewe. Nikamuuliza mama: kaka mtu alipokuwa na miaka 3 alikuwaje? Akafikiri, akacheka bila furaha. Alikuwa anang'ang'ania ufagio mrefu kuliko yeye. Walikuwa wanamnyang'anya kwa sababu anatawanya taka. Basi binti na taulo lake ni kaka yake yule yule, miaka michache nyuma. Tena kwake kuna hatari nyingine. UNICEF ilieleza mwaka 2016 kwamba duniani wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda unaozidi wa wavulana kwa asilimia 40 katika kazi za nyumbani zisizo na malipo. Leo anafukuzwa kwa kuwa ni mdogo. Kesho ataitwa kwa kuwa ni msichana, na kaka yake atakuwa bado kwenye kochi. Baba, ambaye muda wote alikuwa ameegemea kiti, hapo alikaa sawa.

Mapendekezo ya baba

Baba ni mtu wa vitendo, na alikuja na mapendekezo. La kwanza, mtoto alipwe kidogo kwa kila kazi. Nililikataa kwa ajili ya kazi za aina hii. Warneken na Tomasello, wale wa jaribio la watoto wa miezi 18, mwaka 2008 waliwapa watoto wa miezi 20 zawadi ya kitu kila waliposaidia. Zawadi zilipokoma, watoto hao walisaidia kidogo kuliko ambao hawakupewa chochote. Kumlipa mtoto aoshe gari la familia ni jambo la kujadiliwa, sina ugomvi nalo sana. Kumlipa ili amwinukie bibi yake ni kumfundisha kwamba kuinuka kuna mteja.

La pili, kazi ziwe adhabu: akikosea shuleni, anapiga deki wiki nzima. Hili nalo hapana, na sihitaji utafiti. Deki ikishakuwa adhabu, anayepiga deki ni mkosaji. Mama yake anapiga deki kila siku. Mtoto atamwonaje?

La tatu lilikuwa karibu na ukweli, ila lina hatari. Baba alitaka mtoto akabidhiwe dawa za bibi: ahesabu vidonge, ampelekee kwa saa zake, "ili ajue maisha ya mtu yako mikononi mwake". Nia naielewa. Lakini kazi ya kujifunzia lazima iwe ile ambayo kosa lake linavumilika, na kosa la dawa haliangukii kwa aliyekosea. Dawa ni za watu wazima. Kuna mpaka kati ya mtoto kuhitajika na mtoto kutwishwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unamkinga, katika ibara ya 32, na kazi inayodhuru afya au masomo yake, na ibara inayotangulia inamhakikishia mapumziko na michezo. Kumhitaji mtoto hakumaanishi kumgeuza mtumishi.

Kazi yenyewe tuliipata kwa kumuuliza mtu ambaye hakuna aliyefikiria kumuuliza: bibi. Alisema mkono humuuma zaidi jioni. Lakini kinachomtisha ni usiku, anapoamka kwenda msalani na kukuta korido imejaa viatu, mabegi na nyaya za chaja. Ana haki ya kuogopa. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kuanguka ni chanzo cha pili cha vifo vya ajali duniani baada ya ajali za barabarani, na wanaokufa zaidi ni wenye umri unaozidi miaka 60. Tukakubaliana: kila usiku kabla ya kulala, njia ya bibi kutoka kitandani hadi msalani ni ya mtoto huyu. Na jagi la maji kwenye stuli karibu na kitanda, ni lake pia.

Kazi hii niliipenda kwa sababu si ya kubuni. Kupanga viatu kwa ajili ya kupanga viatu ni kazi ya kambi. Hapa kuna mtu, na usipoifanya mtu huyo atapita gizani. Ustadi na huruma vinakutana katika tendo moja, na mtoto hahubiriwi.

Jinsi ilivyokwenda

Aliyemfundisha ni baba. Mama tulimtoa makusudi. Usiku wa kwanza walizima taa, baba akamwambia mwanawe apite korido nzima gizani, polepole, mkono mmoja ukutani, kama bibi. Alijikwaa kwenye begi lake mwenyewe. Wakawasha taa, wakahesabu pamoja vitu vyote ambavyo mguu wa mzee ungevikuta. Baba akamwonyesha ncha ya zulia iliyokunjika, ambayo mtoto hakuiona kuwa ni kitu. Akamwonyesha kwamba waya hupitishwa nyuma ya kabati, hausukumwi tu pembeni. Siku zilizofuata walifanya wote, kisha mtoto akafanya baba akitazama, kisha baba akaacha kutazama. Hakuna siri katika hatua hizo. Fundi yeyote anayemlea mwanafunzi hupita humo humo. Wazazi wengi huruka zile za katikati: wanaamuru, kisha wanakagua, na hasira zinaanzia hapo.

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda. Kisha yakaharibika, na hayakuharibiwa na mtoto. Mama, mtoto akishalala, alikuwa anaamka kupita korido na kusahihisha: ndara zilizoachwa kushoto anazisogeza kulia, jagi analijaza hadi juu. Hakumwambia mtu. Mtoto alizikuta ndara asubuhi mahali ambapo hakuziweka, akalitazama jagi, akasema kwa baba: "Kumbe mnarudia." Usiku huo hakuifanya kazi. Wala uliofuata. Baba aliona uvivu umerudi. Mimi niliona mtoto mwenye akili timamu. Kazi inayorudiwa na mwingine si yako, na kuifanya ni maigizo.

Ilibidi mama amwendee mwanawe na kumwambia waziwazi kwamba alikuwa anapita nyuma yake, kwamba ni hofu yake mwenyewe, na kwamba hatarudia. Kwa mzazi kumwambia mtoto wa miaka 10 maneno hayo si jambo dogo. Tukampa njia ya kuituliza hofu bila kumpokonya mtoto kazi: akiona kitu cha hatari kweli, amwite mwenyewe aje akione, hata kama ameshapanda kitandani. Asikiguse. Alisema ni kazi ngumu kuliko kudeki nyumba nzima.

Siku moja mtoto alisahau kabisa, na bibi akakanyaga gari la kuchezea la mdogo wake. Hakuanguka. Hapa ndipo tulipojua kama baba amebadilika, maana zamani angemaliza kwa neno lile lile la "huna roho". Neno hilo nilikwisha mweleza lina kasoro gani. Mtoto anayeambiwa hana roho hana cha kufanya; roho hainunuliwi. Anachoweza ni kununa na kujificha. June Tangney, mtafiti wa hisia hizi kwa miaka mingi, ametofautisha aibu na hatia: aibu humfanya mtu ajione yeye mzima ni mbaya, akataka kutoweka, hatia humwelekeza kwenye tendo alilolifanya, na tendo hurekebishika. Martin Hoffman naye alikwisha eleza kwamba karipio linalomjenga mtoto ni lile linalomwonyesha alichomfanyia mwenzake, kuliko vitisho na kunyimwa mapenzi. Baba alimwita asubuhi, akamwambia: "Bibi alikanyaga gari usiku. Alishika ukuta, mkono unaomuuma ndio huo alioshikia." Akanyamaza. Nilimsisitizia sana ule unyamazi, kwa sababu mtu mzima aliyekasirika akishaanza hawezi kuacha, na kila sentensi anayoongeza inamhamisha mtoto kutoka kwa bibi na kumleta kwa baba.

Mtoto alikwenda kwa bibi mwenyewe. Hakutumwa kusema samahani, na sijui kama alisema. Bibi anasema alimuuliza ni ukuta gani, kisha akaja na gundi na kipande cha tepu inayong'aa gizani, akakibandika hapo.

Jambo jingine lilijitokeza ambalo hatukulipanga, na kwangu ndilo jibu la swali la mama. Baba aliona kwamba jagi siku hizi linajazwa nusu. Akadhani ni uzembe, akataka kusema, akajizuia akauliza. Mtoto akajibu kwamba likijaa, mkono wa bibi unatetemeka akilinyanyua. Kwa hiyo anajaza nusu, na nusu nyingine anaiweka kwenye chupa ndogo pembeni. Hakuna aliyemfundisha hilo. Ameliona kwa sababu jagi ni lake, na mwenye kitu hukitazama. Kabla ya hapo mkono ule ulikuwa ukitetemeka mbele yake miaka yote, wakati ukikunja nguo zake.

Wazazi wengine wakisikia sehemu hiyo huniuliza wamsifie vipi mtoto akifanya hivyo. Msimtie mawinguni. Baba alimwambia, "Mimi sikuliona hilo," akaenda zake, na sidhani kuna sifa bora kuliko hiyo.

Palipofikia

Isidhaniwe kwamba nyumba imegeuka. Simu bado ni ugomvi, na katika kisa hiki sikuigusa kwa makusudi. Ukianza na simu, mazungumzo yote yanakuwa ya simu, na mtoto aliyenyang'anywa simu bila kupewa nafasi nyumbani anabaki mgeni asiye na simu. Mama akimwita kutoka jikoni bado anaitwa mara tatu. Bado anakunjiwa nguo, ingawa si na bibi tena. Baba ameona mafanikio na sasa anataka kuongeza kazi nne kwa mpigo; nimemwomba asubiri, na inayofuata aichague mtoto mwenyewe kutoka kwenye ile karatasi, wakiwa wamekaa wote mezani.

Binti naye amepewa tambara lake, dogo, na ruhusa ya kudumu kwamba maji yakimwagwa na mtu yeyote, yeye haambiwi arudi chumbani. Atateleza siku moja. Wazazi wamekubali hilo kwa shingo upande.

Tunachovutana sasa ni mitihani. Inakaribia, na mama amependekeza mtoto apumzishwe korido na jagi hadi imalizike, "kwa wiki chache tu". Nimewaambia wasimpumzishe. Ni dakika kumi kwa usiku, na bibi haendi likizo ya kwenda msalani. Wakimwondoa sasa, watakuwa wamemwambia kwamba yale yalikuwa mazoezi, na kwamba kazi yake halisi ni ile moja iliyoandikwa mbele ya jina lake tangu mwanzo. Mama anasema mimi sina mtoto anayefanya mitihani. Baba yuko upande wangu, lakini amesema uamuzi ni wa mama. Mtoto mwenyewe bado hajaulizwa, na nimewataka wamuulize kabla hatujakutana tena.